Eddah Akigonga Mara Mbili

Kiti cha Eddah kilitumia katoni kumi na tisa. Najua kwa sababu niliziokota mwenyewe, duka kwa duka, hapa Munyaka, Eldoret: za sabuni ya kipande, za mafuta ya kupikia, za biskuti, na mbili za maziwa ya pakiti ambazo zilibaki na harufu hata baada ya kukauka. Fundi Wepukhulu alizipanga tabaka juu ya tabaka, akazigandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano, akazilaza chini ya mawe siku nne, halafu akazikata kwa msumeno kama mtu anayekata mbao. Akatoa mahali pa miguu, akainua mgongo, akaweka mbavu mbili za kumshika mtoto huku na huku, na mbele akatia kimeza. Juu akabandika magazeti, kisha akapaka rangi ya kijani iliyobaki walipopaka lango la kanisa. Ukikigonga kwa ngumi kinalia ko, kama mlango.

"Cucu, kiti hiki kitakuzika," aliniambia siku aliyokileta. "Kisinyeshewe tu."

Watu wengi Munyaka huniita Cucu, yaani nyanya, hata wale ambao nyumbani kwao hawasemi Kikuyu. Jina langu ni Nyaguthii. Eddah ni mjukuu wangu, mtoto wa Njeri, binti yangu wa mwisho. Alipozaliwa alichelewa kulia, na baadaye hospitalini wakatuambia ni mtindio wa ubongo. Shingo haikushika, miguu ilipishana kama mkasi. Njeri aliniletea akiwa wa miezi minane, akaenda Ruiru kutafuta kazi, na huko akaolewa. Hurudi Krismasi, humbeba Eddah, hulia, na tarehe mbili hupanda gari. Simlaumu.

Miaka sita ya kwanza nilimlaza Eddah kwa godoro karibu na ukuta, na wageni wakija nilivuta pazia. Nilijiambia kwamba si haya, ni vile watu huuliza maswali mengi.

Aliyelifungua hilo pazia ni Chepkirui, daktari wa mazoezi ya viungo, msichana mrefu wa pande za Moiben. Alikuja kanisani kwetu siku ya kupimwa presha, akatuuliza sisi akina mama: "Ni nani hapa ana mtoto ambaye hakumleta leo?" Akangoja. Alikuwa amesimama na kile kifaa cha kupimia shingoni, akitabasamu tu, akingoja. Mwishowe niliinua mkono, na baada yangu wakainua wengine sita.

Hivyo ndivyo kikundi chetu kilianza. Kanisa lilitupa ukumbi wao wa zamani wa mabati, wenye stoo upande wa nyuma. Tukakiita Mlango Wazi, na kanuni ya kwanza kwenye daftari ilikuwa hii: Hapa hakuna mtoto wa nyuma ya pazia. Niliiandika kwa mkono wangu. Mimi nilifika darasa la saba na mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo sababu walinipa kwanza uandishi, halafu uenyekiti.

Chepkirui alikuja Jumanne na Alhamisi. Alitufundisha kumnyoosha mtoto polepole, kumlisha akiwa ameketi ili asipaliwe, kumgeuza ili asipate vidonda. Na siku moja aliona kitu ambacho mimi sikuwa nimekiona. Aliona ya kwamba mkono wa kulia wa Eddah, ambao hukaa umekunjwa ngumi, ungeweza kuinuka kidogo na kuanguka juu ya kimeza cha kile kiti.

"Eddah," akamwambia, akimwangalia machoni, "mara moja ni hapana. Mara mbili ni ndiyo. Umesikia?"

Tulikaa wiki tano tukirudia hilo jambo. Wiki tano! Brigid, mweka hazina wetu, alikuwa akisema tunafundisha ukuta. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa wimbi, nikamuuliza kwa mazoea tu, "Eddah, unataka uji?"

Ko.

Nikafikiri mkono umeanguka tu. Chepkirui akanishika bega. "Muulize kitu kingine."

"Unataka chai?"

Ko, ko.

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimempa uji asubuhi na jioni, nikimfuta mdomo akiutema, nikisema mtoto huyu ana shida ya kumeza. Kumbe hakutaka uji. Alikuwa mtu mwenye maoni yake, kama mimi, kama wewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kutoka siku hiyo nyumba yangu ikawa na mazungumzo. Eddah, kuna baridi? Ko, ko. Eddah, tuzime redio? Ko. Na akigonga ndiyo, huwa anangoja akikuangalia, macho yamefunguka kabisa, mpaka ufanye ulichosema. Wepukhulu alipenda kumtania: "Eddah, Cucu yako ni mzee?" Ko, ko. "Ana meno?" Ko. Halafu mtoto anacheka mpaka mwili wote unakakamaa, na mimi nammwagia Wepukhulu maji ya kuoshea vikombe.

Mwaka jana, mwezi wa nne, watu wa ng'ambo waliokuwa wakimlipa Chepkirui wakamaliza mpango wao. Kitale wakamwita kazi. Alitwambia atangoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane, si zaidi.

"Nikipata njia ya kukaa, Cucu, nitamwanzishia Eddah ubao wa picha," alisema. "Ndiyo na hapana hazitoshi mtoto wa miaka tisa. Huyu ana mengi ya kusema. Lakini nikienda sasa, hakuna wa kumfundisha, na hata hizo mbili zinaweza kupotea."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Sikutaka jengo wala gari. Nilitaka Chepkirui abaki, ili Eddah apate maneno zaidi ya mawili.

Ndipo tukasikia habari za Wakfu wa Mama Tapsubei. Huyo mama alikuwa akiuza maziwa kwa baiskeli miaka ya zamani, halafu kwa pikapu, halafu kwa malori, na alipokufa aliwaachia watoto wake neno, kwamba kila mwaka watoe kitu kwa vikundi vya akina mama huku kwetu: kimoja pande za Eldoret na Turbo, kimoja Nandi, kimoja Trans-Nzoia. Watoto wake ni watu wakubwa sasa, wanakaa Elgon View. Na namna yao ya kutoa si ya ofisi. Hawataki makaratasi mengi. Unaandika barua ya ukurasa mmoja. Mmoja wa familia anakuja mwenyewe kuona. Halafu wanaketi kwa meza ya mama yao, ile aliyolia chakula, wanaongea, wanaamua.

Niliiandika hiyo barua siku tatu. Chepkirui aliniambia, "Cucu, andika vile unaongea." Nikaandika habari za katoni. Nikaandika habari za uji na chai. Nikaandika: Tunaye msichana anayezungumza kwa kugonga, na tungependa aongezewe maneno.

Wakapunguza vikundi, wakapunguza, mpaka upande wetu tukabaki wawili, sisi na kikundi cha Chepsaita, huko mashambani karibu na Turbo, akina mama wenye watoto kama wetu.

Mgeni alikuwa aje Alhamisi, siku ya Chepkirui. Lakini Jumatatu simu ililia. Alikuwa Jepchirchir, binti wa Mama Tapsubei. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mama, samahani, nitakuja Jumatano. Nitatoka Chepsaita asubuhi, nipitie kwenu mchana. Msijisumbue na chochote."

Sasa wewe niambie, ni mwanamke gani wa kwetu ambaye ameambiwa asijisumbue, akakosa kujisumbua?

Jumanne jioni, Chepkirui akiwa ameshaenda, tulikutana ukumbini. Brigid alisimama katikati, mikono kiunoni, akaangalia zile katoni zilizopangwa ukutani, magodoro yenye madoa, beseni za kuoshea nepi.

"Mgeni anakuja, na hii ukumbi inakaa kama stoo ya Wepukhulu," alisema. "Hivi viti atasema nini? Atasema tunakalisha watoto kwa takataka."

"Takataka?" Wepukhulu akainua kichwa. "Brigid, hata wewe ukikaa hapo miezi mitatu utanyooka."

"Wewe nyamaza, na hiyo suruali yako ya gundi."

Watu wakacheka. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikiona anachoona Brigid. Na nitasema ukweli: nilikuwa naona pia kitu kingine. Ule mwaka wa fujo za uchaguzi, tulipokimbia nyumba zetu na kulala hemani pale uwanja wa maonyesho, showground, watu walikuwa wakija na magari kutuangalia. Walitupiga picha tukiwa kwa foleni ya blanketi. Kuna mmoja aliniambia nisimame kando ya sufuria iliyoungua, nisitabasamu. Nilisimama. Nilipewa blanketi ya kijivu yenye mistari miwili myekundu. Na usiku huo niliapa kwamba hakuna mtu atakayeniona tena nikiwa hivyo. Mgeni akija kwangu atakuta pamefagiliwa.

Kwa hiyo ni mimi niliyesema. Nisimsingizie Brigid. Ni mimi niliyesema tuazime viti vya plastiki vya kanisa, na zulia la mama mchungaji, na vitambaa vya kochi, vile vya kufumwa, kutoka nyumba yangu. Ni mimi niliyesema watoto sita wanaoweza kusimama au kushikilia kiti wakae mbele na sweta mpya, waimbe. Na wale wanne wazito, wanaotokwa mate, wanaokakamaa, wakae stoo na viti vyao vya katoni mpaka mgeni aende.

"Hata Eddah?" Wepukhulu aliniuliza.

"Hata Eddah. Ni saa moja tu."

"Basi mimi nitakaa nao," akasema. "Hata mimi sipendezi."

Jumatano tulichinja jogoo wawili. Tulipika chapati tangu saa kumi na mbili, na Brigid aliweka maua ya plastiki juu ya meza. Nilimbeba Eddah mpaka stoo, nikamfunga leso yake ya bluu kifuani asiinamie mbele, nikamwambia, "Mama, leo kuna mgeni. Utakaa kimya kidogo, sawa?"

Akaniangalia. Ko, ko. Alikubali. Nataka hilo lijulikane. Alinikubalia.

Jepchirchir aliingia saa saba na robo, peke yake, akiwa amevaa gambuti zenye matope hadi magotini. Alivua mlangoni alipoona zulia. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kidoleni. Nikaona aibu kwa ajili yake, nikatazama pembeni. Ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba, na juu ya mabati ilikuwa ikifanya sauti kama mtu anayepepeta maharagwe.

"Chamgei, Mama," alinisalimia kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising," nikamjibu, na Brigid akanifinya kwa furaha kwa vile nimejibu vizuri.

Watoto waliimba. Alikula chapati moja na paja la kuku, akasifu. Alizungumza na kila mtoto, akipiga magoti kwenye zulia, akiuliza jina. Nilimwona akitazama vile viti vya plastiki, halafu kona za ukumbi, halafu tena viti.

"Barua yako nimeisoma mara tatu," alisema alipoketi na chai. "Yule msichana anayegonga, yuko wapi leo?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Mlango wa stoo ulikuwa hatua tano kutoka nilipoketi. Lakini niliona zulia la mama mchungaji, nikaona vitambaa vyangu, nikaona Eddah akiletwa katikati ya hayo yote na mate kidevuni, nikaona yule mtu aliyeniambia nisitabasamu.

"Ameenda kwa mama yake, Ruiru," nikasema.

"Pole. Nilitaka sana kumwona." Alinywa chai. Mvua iliongezeka kidogo, akapandisha sauti ili tusikilizane. "Kwa hivyo hawa ndio watoto wote? Ama kuna mwingine ningepaswa kumwona?"

Ko, ko.

Ilitoka nyuma ya mabati, wazi kabisa. Jepchirchir aligeuza kichwa. Brigid akashika sahani.

"Ni fundi," nikasema. "Jirani anatengenezewa kitanda."

Ko, ko.

"Fundi," akarudia Jepchirchir, kama mtu anayeuliza na hataki kuuliza.

"Eee. Fundi tu."

Aliweka kikombe chini, akakichukua tena, akanywa. Nilimwongezea chai, akaikubali. Aliniangalia juu ya kikombe, kwa muda mrefu, si kwa ukali. Nami nikaangalia maua ya plastiki. Nyuma ya ukuta hakukusikika kitu tena, ila mvua.

Alipoondoka Brigid alipiga kigelegele. "Amekula! Amesifu! Hiyo ni yetu!" Nilienda stoo huku nikifungua aproni. Wepukhulu alikuwa ameketi chini kando ya kiti cha Eddah, kofia mkononi.

"Alisikia mgeni akimuulizia," aliniambia, bila kuniangalia. "Mimi ningemfanyaje, Cucu? Ningemshika mkono? Halafu akasikia vile ulisema."

Ngumi ya Eddah ilikuwa juu ya kimeza. Leso ilikuwa imelowa. Nilipiga magoti.

"Eddah, mama, umekasirika?"

Hakugonga.

"Tuende nyumbani? Unataka chai?"

Hakuangalia hata upande wangu.

Alhamisi Chepkirui alifika, akamuuliza maswali yake ya kawaida, moja baada ya lingine, kwa uvumilivu, na mkono ukakaa tu pale. Akaniuliza jana kulikuwa na nini. Wenzangu wote wakaangalia chini. Nikamweleza, sikuficha kitu. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alinyoosha vidole vya Eddah kimoja kimoja, akasema, "Ilimchukua miaka tisa apate mtu wa kumjibu, Cucu."

Wiki iliyofuata simu ilikuja, kwamba mwaka huu wametoa Chepsaita.

Brigid alilia, akasema ni kwa sababu ya kabila. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa najua ni kwa sababu ya nani.

Nilichukua mayai kumi na mawili ya kuku wangu, nikayapanga kwa kiondo na majani ya migomba, nikaenda Elgon View. Nyumba za huko zina ua mrefu wa maua, huoni mtu, unasikia tu mbwa. Nilifikiri askari atanirudisha, lakini ni Jepchirchir mwenyewe aliyekuja langoni, na kanga kiunoni. Alinipeleka jikoni, hakunipeleka kwa sebule, na nikashukuru. Hapo ndipo ile meza ilikuwa, ya mbao nzito, imechomwa na sufuria mahali pengi. Hawajaifunika na kitambaa.

"Sikuja kuomba mgeuze," nikamwambia. "Nimekuja kusema kwamba nilidanganya. Yule mtoto alikuwa hapo."

"Najua, Mama," alisema. "Fundi hapigi mara mbili halafu akangoja."

Akanimiminia chai.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Hakuwa mtoto wangu wa kumtaja. Nilingoja umtaje wewe. Vile vikombe viwili vya chai sikuvitaka, nilikuwa nangoja tu." Alipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Chepsaita walinipokea nje, kwenye nyasi, kwa sababu mvua ilikuwa imeingia ndani. Kabla sijaketi, mama mmoja aliniwekea mtoto mapajani, na yule mtoto akanikojolea." Akacheka kidogo, akaacha. "Mama yetu alikuwa na mtoto wa kwanza, Kiplimo. Mimi sikumjua. Wageni wakija alikuwa akipelekwa nyumba ya nyuma. Alikufa siku kulikuwa na wageni, hakuna aliyesikia. Ndiyo maana huu wakfu upo, na Mama aliacha kanuni moja tu kwa hii meza, kwamba tusitoe mahali mtoto amefichwa. Ndugu yangu Bethwel alisema tukuhurumie. Mimi pia nilitaka. Tulikaa hapa mpaka chai ikapoa mara mbili, Mama. Lakini tungeanzia wapi kuvunja hiyo?"

Sikumwambia habari za showground. Yeye ni binti wa watu wa huku, wale tuliowakimbia mwaka ule, na hayo ni mambo ambayo sisi na wao tumeyafunika na chai miaka mingi. Tena hayakuwa na haki ya kunitetea. Eddah hakuwahi kunipiga picha.

"Mwaka ujao andika tena," alisema.

"Chepkirui anaenda mwezi wa nane."

"Najua. Uliandika kwa barua."

Akatoa mayai moja moja, akayapanga kwa bakuli. Kwetu kiondo hakirudishwi kitupu, na kumbe hata kwao ni hivyo. Alinitilia pakiti mbili za majani ya chai na sukari kilo moja. Nilitembea mpaka mjini nikiwa nimekibeba kifuani, kizito kuliko nilipokuja.

Chepkirui aliondoka tarehe thelathini, mwezi wa nane. Alituachia ubao wa picha aliouchora mwenyewe kwa kalamu za rangi: kikombe, kitanda, jua, mvua, redio, mwanamke mwenye kilemba ambaye ni mimi. Hakuwa na wakati wa kumfundisha Eddah kuutumia, wala sisi hatujui vizuri. Kikundi kipo, tuko wanne sasa, tunanyoosha watoto vile tunakumbuka. Mgongo wa Eddah umepinda kuelekea kushoto. Wepukhulu amekiongezea kile kiti katoni sita upande huo ili kimshike, na hataki malipo, wala siku hizi hamtanii.

Barua ya mwaka huu nimeiandika. Ni fupi. Nimesema tulichofanya.

Kila asubuhi namtoa Eddah na kiti chake, namweka mbele ya mlango, kando ya njia, mahali kila mtu anayepita anamwona. Watu humsalimia kwa jina. Halafu naketi kwa kigoda karibu yake, nagonga kimeza kwa ngumi yangu, mara mbili, ili akumbuke sauti.

"Eddah, unataka chai?"

Nangoja. Sina haraka, mimi si mtu wa haraka. Maji yanachemka, yanapungua, naongeza mengine. Jana mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba sukuma wiki alisimama akaniuliza, "Cucu, unagonga nini hapo?"

"Naongea na mjukuu wangu," nikamwambia.

Mkono wake unakaa pale pale. Mwishowe nampa chai, yenye maziwa mengi, sukari vijiko viwili, nimeipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe. Nampa chai kwa sababu ndilo jambo ninalolijua kwake kwa hakika, alinieleza mwenyewe wakati ule. Ana miaka kumi sasa. Watoto hubadilika. Pengine siku hizi angependa uji.